Dawa ya Kupunguza Unene: Nani Anaweza Kuandikiwa?

Siku hizi zipo dawa za kupunguza unene. Habari zake zimefika mpaka vijijini. Wengine wanasema ukichoma sindano moja kwa wiki, mwili unapungua. Wengine wanatembeza vidonge na majani ya chai sokoni, eti yanafaa kwa kila mtu. Hapo ndipo penye hatari. Tumeona tueleze ni nani daktari anaweza kumwandikia dawa hizi.

Daktari hapimi unene kwa macho. Sisi tukimwona mtu kanenepa tunasema kapata mali. Akikonda tunasema ana shida nyumbani. Daktari hafuati maneno hayo. Yeye anataka mizani na futi kamba, halafu anapiga hesabu. Hesabu yenyewe hata sisi tunaiweza.

Tuchukue mama mwenye urefu wa mita 1.6. Zidisha urefu kwa urefu: 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Mama huyo ana kilo 82. Gawanya 82 kwa 2.56. Jibu ni 32. Namba hiyo ndiyo anayoitazama daktari.

Kwa mtu mzima, ikiwa namba ni 30 au zaidi, anaweza kufikiriwa kupewa dawa. Ikiwa ni 27 na haijafika 30, sheria ya nchi kama Marekani inataka awe pia na ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na unene. Magonjwa hayo ni kama presha, kisukari, au mafuta mengi katika damu.

Basi, tuseme jirani yake ana urefu uleule, lakini ana kilo 72. Jibu lake ni 28. Akiwa na presha, anaweza kuandikiwa. Kama hana ugonjwa wowote, hapana. Wa tatu ana kilo 64, na jibu lake ni 25 kamili. Huyu hata akimlilia daktari, hastahili. Labda gauni linambana, lakini gauni hupelekwa kwa fundi.

Hata mwenye 32 hapewi mara moja. Daktari atauliza kwanza: Je, mama una mimba? Unataka kupata mimba karibuni? Mwenye mimba hapewi. Anayetumia sindano ya semaglutaidi inampasa kuiacha miezi 2 kabla ya kushika mimba. Tena atauliza kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyepata aina fulani ya kansa ya tezi ya shingo. Atauliza kama umewahi kuugua kongosho. Mjibuni kweli, msione haya.

Dawa hii inafanya kazi gani? Inafanana na kitu ambacho utumbo wetu hutengeneza baada ya kula, kinachouambia ubongo kwamba tumeshiba. Chakula pia hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana wengi husikia kichefuchefu, hutapika au huharisha. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021, watu walitumia semaglutaidi kwa wiki 68, huku wakifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Kwa wastani mtu wa kilo 100 alibaki na kilo 85 hivi. Walipoacha dawa, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopunguza. Kwa hiyo si dawa ya kuchoma mara mbili kabla ya harusi.

Sasa turudi kwa wale wa sokoni. Mwaka 1997 dawa ya kukondesha iitwayo fenfluramini iliondolewa madukani Marekani kwa sababu iliharibu moyo. Mwaka 2010 nyingine, sibutramini, iliondolewa Marekani na Ulaya. Ilizidisha hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Kumbe haikupotea! Baadaye imekutwa mara nyingi ndani ya chai na vidonge vinavyosemwa kuwa ni vya mitishamba. Na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutaidi ya bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa hata huko bandia inapenya, sembuse kwenye kikapu cha mtu asiyejulikana anakotoka?

Tena dawa ya kweli hutunzwa kwenye jokofu kabla ya kuanza kutumiwa. Aliyeibeba juani siku nzima anakuuzia nini?

Usitegemee kuikuta dawa hii katika zahanati ya kijiji, na bei yake ni kubwa. Lakini zahanati ina mizani. Nenda upimwe uzito, urefu na presha, uandikiwe kwenye daftari lako. Ukiwa na namba kubwa, mwombe mganga akuandikie barua ya kwenda hospitali. Kama umeshameza vidonge vya sokoni na moyo unakwenda mbio, chukua pakiti yake na uende nayo leo hii.