Nani Hasa Hupunguziwa Ushuru kwa Kuajiri?

Mwenye shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha akiongeza wavunaji 200 msimu huu, mishahara yao itaingia vitabuni kama gharama nyingine yoyote, basi. Wingi wao haumpi nafuu ya ziada. Benki ya mjini Nakuru ikichukua wanagenzi 10 waliotoka chuo kikuu na kukaa nao miezi sita, hiyo inapunguziwa. Wanaokuja kuniuliza habari za misamaha ya ushuru hushangaa wakisikia hivyo, maana kila hotuba ya bajeti huimba wimbo wa ajira kwa vijana.

Wengine huanza kwa kubisha mlango usiofaa, yaani ofisi za kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia Serikali ya Kitaifa peke yake ushuru wa mapato, VAT na ushuru wa forodha. Kaunti ina ada zake za leseni na kodi ya ardhi na majengo, na huko inaweza kulegeza kidogo kwa kufuata sheria. Ushuru wa faili yako ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) hauko mikononi mwa gavana. Kule Marekani mambo ni kinyume: jimbo la Georgia, kwa mfano, hupanga kaunti zake katika madaraja manne kulingana na hali ya uchumi, na kaunti ikiwa dhaifu zaidi, punguzo kwa kila nafasi ya kazi huwa kubwa zaidi. Hapo vichwa vinahesabiwa kwelikweli.

Kwetu, nafuu inayohesabu vichwa waziwazi ni ile ya uanagenzi, iliyoingizwa katika Sheria ya Ushuru wa Mapato mwaka 2015. Mwajiri achukue wahitimu wasiopungua 10 kama wanagenzi, kwa miezi 6 hadi 12 ndani ya mwaka mmoja wa mapato. Mwanzoni walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu tu. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wa vyuo vya kiufundi pia. Kwa hivyo siku hizi kijana wa Rift Valley National Polytechnic anahesabika sawa na mwenzake wa Egerton au Kabarak.

Tupige hesabu. Wanagenzi 10, kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, miezi sita: jumla 1,800,000. Mbali na mishahara hiyo kukatwa kama gharama, kampuni inaruhusiwa kukata nusu yake tena, yaani 900,000, kutoka kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani KRA itawarudishia hizo 900,000. Kinachookolewa ni asilimia 30 yake: shilingi 270,000. Na nafuu hiyo huja mwaka unaofuata.

Sasa geuza ukurasa. Kwa kila mwanagenzi wa 30,000, mwajiri anachangia hazina ya uzeeni (NSSF) 1,800, ushuru wa nyumba 450 na tozo ya mafunzo ya viwandani (NITA) 50. Hiyo ni 2,300 kwa mwezi. Kwa watu 10 na miezi sita inafika 138,000. Michango hiyo nayo ni gharama inayokatwa, lakini pesa zinatoka leo, na nafuu inasubiri ritani ya mwakani. Simshauri mtu aajiri kwa ajili ya punguzo hili. Kama ulikuwa unawahitaji vijana hao tangu awali, usiliache lipite: weka mikataba, vyeti, PIN na rekodi za PAYE za kila mmoja mahali pamoja tangu siku ya kwanza.

Biashara nyingi za Bonde la Ufa zinakwama hata kabla ya kufika kwenye idadi ya 10. Mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka huangukia ushuru wa mauzo (TOT), asilimia 3 ya mauzo yote. TOT haiulizi gharama. Hukata juu kwa juu. Asiyekatiwa gharama hana pa kukatia punguzo la mishahara. Anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA ajitoe na kuingia mfumo wa kawaida, ila hapo atadaiwa vitabu safi, na fundi wa meko anayeandika mauzo nyuma ya kalenda atapata tabu. Kampuni yenye hasara nayo haifaidi mara moja, kwa kuwa hakuna faida ya kutozwa. Kwa maoni yangu sharti la watu 10 liliandikwa na mtu aliyekuwa akiyatazama majumba marefu ya Nairobi. Lingeanzia watu wawili au watatu, karakana za Molo na Gilgil zingelihisi.

Nafuu kubwa zaidi hutazama mahali ulipo. Kabla ya 2020, aliyewekeza angalau shilingi milioni 200 katika majengo na mitambo nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu alikata asilimia 150 ya gharama hiyo. Nakuru ilifaidi kwa kutotajwa tu. Marekebisho ya sheria ya Aprili 2020 yaliiondoa nafuu hiyo.

Leo macho yako Mai Mahiu, kwenye eneo maalumu la kiuchumi la Naivasha, karibu na mwisho wa reli ya SGR. Mwenye leseni ya eneo hilo hutozwa ushuru wa mapato wa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa miaka 10 inayofuata, badala ya 30. Lakini leseni hupewa kampuni iliyosajiliwa Kenya kwa ajili ya shughuli za eneo hilo. Kiwanda chako cha zamani cha Nakuru hakigeuki kuwa cha Naivasha kwa kubadilisha anwani. Utaunda kampuni nyingine.

Kuna nafuu moja ambayo waajiri wadogo huisahau. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kuomba akatiwe asilimia 25 ya ziada ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi yake, kwa hivyo masharti yasomwe humo kabla ya kujaza ritani. Ile ya 2003 haikudai watu 10. Mfanyakazi mmoja alitosha, hata kwa karakana ya mafundi wanne, mradi mwenyewe hayuko kwenye TOT.