Folda mbili za mikoko, vipimo vipi vya kweli?
Tuseme mmerudi Kibiti kutoka delta ya Rufiji, na kila mmoja ana nakala ya vipimo vya mikoko kwenye laptopu yake. Wiki mbili baadaye, folda hazilingani. Usihangaike kufungua faili moja moja! Kwenye teminali andika:

diff -rq yangu yake

Programu hii ya tangu miaka ya 1970 itakutajia mafaili yaliyo upande mmoja tu, na yanayotofautiana. Kisha:

diff yangu/msinzi.csv yake/msinzi.csv

Alama < ni mstari wa faili la kwanza, > wa la pili. Hapo ndipo unakuta kipenyo cha sentimita 12 kimegeuka 21, na makadirio ya kaboni ya mti huo yameruka zaidi ya mara tatu. Nani mkweli? diff haijui; fungua daftari la msituni, na tope lake. Na kama mistari imepangwa tofauti, ipitishe kwanza kwenye sort, la sivyo utapigiwa kelele bure.