Mbona hamalizi kazi anazoanza?

Binamu yangu ni seremala mtaani Umoja, Nairobi. Mpe kabati atengeneze na kwa siku mbili hatalala; atapima, atakata na kupiga randa huku akiimba. Siku ya tatu, likisalia kutiwa bawaba na vanishi tu, utamkuta amekaa akilitazama kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Litakaa hapo miezi mitatu, na mwenye kabati akija kulidai, fundi hutokea uchochoro wa nyuma.

"Huyu ni mvivu tu," mkewe alizoea kusema. Hata mimi nilisadiki hivyo, na nakiri nilimtolea maneno makali siku aliporudisha arbuni ya mteja wa tano.

Kumbe alikuwa na hali iitwayo ADHD, kama alivyoelezwa na daktari mwaka jana. Wengi wetu huihusisha na watoto watundu, na kweli daktari George Still wa London aliwaeleza watoto wa namna hiyo mwaka 1902. Lakini wengi hukua nayo. Ile pirikapirika ya utotoni hupungua; kinachobaki ni akili inayowaka kwa jambo jipya na kuzimika linapozoeleka. Wataalamu huihusisha na dopamini, kemikali ya ubongo inayompa mtu hamu ya kufuatilia jambo. Mtu anajua la kufanya, anataka kulifanya, na mikono haiendi. Ukimkaripia, aibu humfanya aikimbie kazi zaidi.

Hata hivyo, msomaji, usijipime mwenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 wataka dalili ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane nyumbani na kazini pia. Sonona au kukosa usingizi huweza kuleta hali kama hiyo. Dawa zipo, ila huandikwa na daktari.

Siku hizi mkewe huketi karakanani jioni akichambua sukuma wiki. Hapigi msumari wala hasemi neno. Kazi nayo imekatwa vipande: leo bawaba, kesho vanishi, na mteja hukagua kila hatua.

"Mama watoto akiondoka tu, hata randa huwa nzito," aliniambia.

Kabati langu alilimaliza mwezi jana. Mlango mmoja bado haufungi vizuri.