Kichujio Kinachonasa Chembe za Mionzi Hewani

Ajali ya kinu cha nyuklia humwaga hewani chembechembe zenye mionzi, zisizoonekana wala kunusika, na upepo haujui mpaka. Dar es Salaam kuna kituo cha RN64, kimoja kati ya 80 vilivyopangwa duniani kubaini majaribio ya nyuklia, na chembe za ajali pia huweza kunaswa humo. Pampu hupitisha hewa kwenye kichujio kwa saa 24. Kichujio hukaa siku nyingine ili mionzi ya asili ipungue, ndipo kipimwe. Kati ya chembe za ajali, iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8. Sesiamu-137 ni sugu mno: hupungua nusu kwa miaka 30. Lakini chembe haziishii hewani: kisiwani Bumbire, kwa mfano, dagaa huanikwa mahali pa wazi. Chembe hizo zikitua juu yake, huingia chakulani. Kwa hiyo kupima hewa pekee hakutoshi, na chakula lazima kipimwe.