Mumiani Asiye na Bwana: Utunzi wa Bunilizi za Wanyonya Damu katika Ulimwengu Ulioteketea, kwa Mfano wa Manyoni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili namna mtunzi wa Kiswahili anavyoweza kubuni hadithi asilia ya wanyonya damu iliyowekwa katika ulimwengu uliokwisha kuteketea, yaani ulimwengu ambamo dola, masoko na mitambo imeanguka na watu waliosalia ni wachache. Mandhari tuliyoyateua ni Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Uteuzi huu haukufanywa kwa kubahatisha. Hadithi ya aina hii huhitaji vitu viwili: kumbukumbu ya kwisha kwa ulimwengu, na khofu ya kutolewa damu. Vyote viwili vimo katika historia na masimulizi ya nchi hiyo na ya jirani zake, wala hapana haja ya kuviagiza kutoka ng'ambo.

Hoja yetu ni kwamba viumbe watishao wa sehemu hizi ni watumishi. Kila mmoja wao ana bwana anayemtuma, na aghalabu bwana huyo haonekani. Kwa hiyo swali ambalo mtunzi hana budi kulijibu kabla ya mengine yote ni hili: ni nani anayenunua damu pindi wanunuzi wamekwisha kufa?

2.0 Nyumba Moja, Hadithi Mbili

Ni vyema kuanza na Ulaya, maana mtunzi kijana mara nyingi huanzia huko hata asipokusudia. Mnamo Aprili 1815 mlima wa Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka, na majivu yake yakatanda angani hata mwaka 1816 Ulaya ikakosa majira ya joto. Katika mwaka huo wa baridi na mvua, Lord Byron, Percy Shelley, Mary Shelley na tabibu John Polidori walikuwa pamoja kando ya ziwa la Geneva, wakishindana kutunga hadithi za kutisha. Polidori akatoa The Vampyre, iliyochapishwa mwaka 1819. Mary Shelley akatoa Frankenstein mwaka 1818, na baadaye, mwaka 1826, riwaya ya The Last Man kuhusu mtu wa mwisho aliyebaki baada ya tauni kuwamaliza wanadamu. Hivyo mnyonya damu wa riwaya za Ulaya na mtu wa mwisho duniani ni ndugu wa nyumba moja, waliozaliwa chini ya wingu moja la majivu.

Kwa muda mrefu ndugu hao walikwenda njia mbalimbali. Dracula wa Bram Stoker (1897) anaishi katika ulimwengu uliotengemaa, wenye garimoshi, benki na hati za kununulia nyumba. Ni Richard Matheson, katika I Am Legend (1954), aliyewakutanisha tena kwa nguvu. Katika riwaya yake unyonyaji damu ni maradhi yanayoletwa na bakteria, na mtu mzima mmoja tu amesalia. Uzuri wa kazi hiyo umo katika mgeuko wa mwisho, pale shujaa anapotambua kuwa kwa jamii mpya yeye ndiye zimwi. Filamu zilizotokana nayo (1964, 1971 na 2007) hazikuupa mgeuko huo uzito uleule.

Jambo la kuzingatia ni kuwa katika mkondo huu wote mnyonya damu hunywa mwenyewe. Njaa ni yake, meno ni yake. Hata dunia ikifa, yeye huendelea, maadam shingo moja ya mtu ipo.

3.0 Kiumbe Aliyeajiriwa

Mumiani hanywi. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, neno hili linaelezwa kwanza kuwa ni dawa: kitu cheusi mfano wa utomvu, kilichotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu mengine, kikipakwa au kuyeyushwa katika samli na kunywewa, na kusemwa kuwa kinatoka Uajemi. Kisha inaelezwa kuwa wengi waliamini ni damu ya watu iliyokaushwa. Asili ya neno ni ya Kiajemi, na shina lake ndilo lililowapa Wazungu jina la maiti zilizohifadhiwa za Misri. Baadaye jina la dawa likahamia kwa mtu anayeitafuta. Mabadiliko hayo ya maana ni muhimu kuliko yanavyoonekana: tangu mwanzo mumiani ni bidhaa, na anayeitafuta ni mfanyakazi wa biashara ya mtu mwingine.

Luise White, katika makala yake ya mwaka 1993 na kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu masimulizi haya, ameonyesha kuwa wazimamoto wa Nairobi na Kampala, pamoja na banyama wa Zambia, husimuliwa kwa msamiati wa kazi: wana magari, ndoo, mashimo, sare, zamu na ujira. Tungependa kuiendeleza hoja hiyo hadi kwa viumbe wengine ambao yeye hakuwashughulikia kwa namna hii. Msukule, kwa mfano, ni mtu anayedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa ili alime shamba la mchawi usiku. Ni mfu-hai, lakini anachonyonywa ni jasho. Tena Singida yenyewe ina habari za watu-simba, waliotajwa katika miaka ya 1920 na hasa katika mauaji ya miaka ya 1946 na 1947 katika nchi ya Wanyaturu. Harold Schneider alieleza kuwa, kwa imani ya wenyeji, mtu-simba alikuwa na mmiliki, na aliweza kukodishwa kwa mwenye kisasi chake.

Mumiani huajiriwa, msukule humilikiwa, mtu-simba hukodishwa. Hakuna hata mmoja anayeua kwa njaa yake mwenyewe. Anayemwita mumiani "Dracula wa Kiafrika" anapoteza kitu kilichomfanya astahili hadithi yake mwenyewe.

4.0 Ulimwengu Uliokwisha Kwisha

Mtunzi wa kigeni huua ulimwengu kwa bomu au kwa virusi. Kiswahili nacho kimewahi kuubuni mwisho huo: Euphrase Kezilahabi katika Mzingile (1991) ametusawiria dunia iliyoteketea, ingawa nia yake ni ya kifalsafa na mandhari yake hayafungamani na mahali mahsusi. Manyoni inatupa mwisho wenye tarehe.

Wagogo huuita Mtunya, maana yake kinyang'anyiro. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika Ugogo. Na Waingereza, walioiteka Dodoma mwezi Julai 1916, wakachukua tena kilichobaki. Kisha mvua ikakosekana. Baada ya njaa ikafuata homa ya mafua ya 1918 na 1919. Gregory Maddox, katika uchunguzi wake wa mwaka 1990, amekadiria kuwa kati ya watu wapatao 150,000 wa eneo hilo, 30,000 hivi walikufa kati ya 1917 na 1920. Mtu mmoja katika kila watano.

Jina hilo linastahili kutafakariwa. Watu wa Ugogo wamezijua njaa nyingi, lakini hii hawakuiita kwa chakula kilichokosekana wala kwa mvua. Waliiita kwa tendo ambalo watu walitendeana. Kwa mtunzi, hapo ndipo penye mbegu ya hadithi. Baada ya dola mbili kuja na kukomba na kuondoka, unyang'anyi haukuondoka nazo, bali ulibaki mikononi mwa majirani.

Mandhari nayo hayahitaji kupambwa. Kilimatinde, ilikokuwa boma ya Wajerumani, iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu akisimama hapo hulitazama bonde la Bahi na mbuga zake za chumvi. Upande wa magharibi ni vichaka vya Itigi, vilivyosongamana kiasi cha kumficha mtu aliye hatua chache tu kutoka kwako. Katikati inapita reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Reli isiyo na garimoshi ni alama kubwa ya ulimwengu uliokufa, kwa kuwa inaendelea kuonyesha njia ya kwenda mahali pasipokuwapo tena. Na maji ni haba. Katika karne ya kumi na tisa Wagogo waliwatoza wenye misafara hongo kwa ajili ya maji na njia. Katika ulimwengu wa hadithi yetu mwenye kisima atakuwa mfalme, na hongo itarudi.

5.0 Damu Huharibika

Hapa tunarudi kwenye swali la mnunuzi. Chembe nyekundu za damu huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi kwa wiki tano au sita tu. Pasipo umeme hapana akiba ya damu. Basi mumiani mwenye chupa na sindano, yule wa masimulizi ya karne ya ishirini, hawezi kuishi baada ya mitambo kuzimika. Waandishi wengi wangeliona hili kuwa kikwazo. Sisi tunaliona kuwa zawadi, kwa sababu linamlazimisha mtunzi arudi kwenye kamusi: damu isiyoweza kupozwa itabidi ikaushwe. Biashara inarejea kwenye kile kitu cheusi mfano wa utomvu, na chumvi ya Bahi iko chini ya mlima.

Nani basi atalipa, na kwa nini? Jibu jepesi ni kubuni tajiri mpya aliyejificha. Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni yetu, ni kumwacha mtumishi bila bwana. Tuseme mumiani wetu hajapata habari kwamba waliomtuma wamekufa. Anaendelea kukusanya, anakausha, anapanga mizigo stesheni, anangoja garimoshi. Kitisho chake hakimo katika uovu wake bali katika utiifu wake. Lakini siku moja jirani mwenye kisima akagundua kuwa mzigo ule waweza kubadilishwa kwa kitu. Kuanzia hapo unaanza Mtunya wa pili, na mnunuzi ni mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mtu kijijini.

Twongeze kuwa damu katika wilaya hii haina maana ya khofu pekee. Hospitali ya Mtakatifu Gaspari iliyopo Itigi ni ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu, na humo damu hutolewa ili mtu apone. Mtunzi asiyeusikia mvutano huo katika neno moja amelitumia nusu tu.

6.0 Nani Asimulie?

Suala hili la mwisho si la fani tupu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na miili yao kuchomwa moto na watu walioamini kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa katika kazi ya kukusanya sampuli za udongo. Chamwino na Manyoni zote zimo katika nchi ya Wagogo. Na Manyoni nayo, katika miaka ya 2000, ilipitiwa na wachimbaji wa sampuli waliokuwa wakitafuta urani katika mbuga zake. Malawi pia, mwaka 2017, watu waliuawa kwa tuhuma hizohizo.

Kwa hiyo hadithi ya mumiani haitungwi juu ya ardhi tupu. Hatusemi isitungwe. Woga ulioweza kuua ndio hasa unaostahili fasihi, na kuuachia uvumi peke yake ni kuupa uwanja wote. Lakini tutazame lugha ya uvumi ilivyo. Uvumi husema "inasemekana", "wanasema", "kuna watu wameonekana". Kitenzi hakina mtenda anayeweza kuulizwa. Msimulizi mjuzi wa yote, anayetuonyesha mgeni na gari lake na chupa zake za damu, huuondoa mnyambuliko huo wa kutendeka na kuweka mahali pake ushahidi: "alimshika, akamchoma sindano". Kwa kalamu yake mashaka yamekuwa macho. Hilo Dracula aweza kulivumilia, kwa kuwa hakuna anayeuawa njiani kwa kudhaniwa kuwa kabaila wa Transilvania. Mumiani hawezi.

Zipo njia kadhaa za kulikwepa, na si zote nzuri. Kuweka mwishoni mwa riwaya maelezo kwamba yote yalikuwa imani potofu ni kumdanganya msomaji aliyelipa kwa hadithi. Kumfanya mnyonya damu awe ndoto ni vivyo hivyo. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), aliweza kumfufua mfu bila kuomba radhi wala kueleza, kwa kuwa mfu wake anakuja kumshitaki mjukuu mwenye madaraka. Lawama inaelekea juu, kwa wenye nguvu. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa rasimu yoyote ya aina hii: lawama ielekee wapi? Ikielekea kwa mpita njia, riwaya imeungana na umati.

Njia tunayoiona kuwa na matumaini zaidi ni usimulizi wa nafsi ya kwanza wa mtumishi mwenyewe, dereva au mbeba mizigo, ambaye hakuambiwa kamwe kilichomo ndani ya anachobeba. Yeye naye amesikia kuwa mumiani wapo, naye anawaogopa. Anashuka ukingo wa Kilimatinde jioni akiwa na ndoo yenye kifuniko, na chini kabisa, penye kisima, watu wameanza kukusanyika. Mtunzi anayo aya moja au mbili za kufanya uamuzi. Ushauri wetu ni kwamba ndoo hiyo ifunguliwe mbele ya msomaji kabla haijafunguliwa mbele ya umati.