Kigoma na Ujiji: Mwambao Usio na Chumvi

Watu wengi wa nchi yetu wanapotaja ufukwe fikira zao huelekea mashariki, kwenye Bahari ya Hindi, kwa Unguja na Bagamoyo, kwa Malindi na Lamu, kana kwamba mchanga, mitumbwi na upepo wa jioni ni mali ya maji ya chumvi peke yake. Ilhali upo mwambao mwingine, mbali na bahari hiyo zaidi ya kilomita elfu moja, ambako Kiswahili kimefanya maskani tangu zama za misafara, ambako adhana husikika alfajiri juu ya maji, na ambako riziki ya maelfu ya watu hutoka katika wavu. Nakusudia ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hasa Kigoma na Ujiji, miji miwili iliyo karibu sana hata leo ikawa manispaa moja. Kwa rai yangu, mtu apendaye utulivu wa mji wa wavuvi hataupata mahali pazuri zaidi ya hapo katika Tanzania Bara, ila ni sharti kwanza aelewe utulivu huo unatokana na nini.

Ziwa lenyewe si dogo wala si la kawaida. Urefu wake, kutoka Burundi upande wa kaskazini hata Zambia upande wa kusini, ni kilomita 670 hivi, na kina chake mahali palipo chini kabisa hufikia takriban mita 1,470, kwa hiyo ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne hulishiriki, yaani Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, na siku za hewa safi baada ya mvua mtu asimamaye Kigoma huiona dhahiri milima ya Congo ng'ambo, upande wa maghribi, pale jua linapotua. Wakati wa kiangazi ukungu na moshi wa mashamba huificha milima hiyo, na hapo ndipo mgeni anaposadiki kuwa yuko baharini.

Mtu wa Pwani atatafuta mikoko asiione, maana mikoko ni miti ya maji ya chumvi, na maji haya ni matamu. Badala yake atakuta matete na mafunjo katika maungio ya mito na ziwa: karibu na Ujiji, upande wa kusini, Mto Luiche humwaga maji yake katika bonde la majani marefu na mashamba ya mpunga, na mbele zaidi Mto Malagarasi, mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani kutoka upande wetu, hupitia mabwawa mapana ambayo tangu mwaka 2000 yamewekwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, yakiwa ya kwanza katika Tanzania. Kazi ifanywayo na mikoko kule Rufiji au Lamu, ya kuchuja tope na kuwapa samaki wachanga mahali pa kujificha, huku hufanywa na matete; na mahali yanapofyekwa ili kupanua mashamba, udongo huteremka mpaka ziwani ukafunika mawe ambamo samaki hutaga.

Sasa nirejee kwenye utulivu. Mgeni afikapo Kibirizi au Katonga, mialo ya Kigoma ambako mitumbwi hushusha samaki, saa nane mchana, akaona mitumbwi imepumzishwa mchangani, nyavu zimetandazwa, na vijana wamelala chini ya miembe, asije akadhani kuwa amefika katika mji wa wavivu. Watu hao wamefanya kazi usiku kucha. Uvuvi mkubwa wa Ziwa Tanganyika ni uvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa gizani. Mchana hukaa chini katika maji ya kina pamoja na wadudu wadogo wa majini wawalao, na usiku wadudu hao wapandapo juu, dagaa hupanda pamoja nao. Hapo mvuvi huwangojea na taa. Zamani zilikuwa karabai zilizopigwa pampu kwa mafuta ya taa. Siku hizi aghalabu ni taa za umeme wa betri au wa nguvu za jua. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu mkubwa huteremshwa baina yake, taa huwashwa juu yake, na samaki wakisha kukusanyika katika mwanga, watu huuvuta wavu kwa pamoja na kuuinua. Nyuma ya dagaa hufuata migebuka, samaki warefu wa rangi ya fedha wanaowala dagaa, hata mara nyingi wawindaji na wawindwaji huingia katika wavu mmoja.

Basi hakimu mkuu wa mji huu ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu maji yote huwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya samaki. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo mitumbwi hukaa pwani, nyavu hushonwa, harusi hufanywa, madeni hulipwa, na wavuvi walioacha aila zao katika vijiji vya mbali huenda kuwaona. Siku za giza zinaporudi mji wote hubadilika: bei ya petroli huulizwa, barafu hutafutwa, na jioni, baada ya magharibi, mitumbwi huondoka mmoja baada ya mwingine. Atakayesimama kwenye rasi ya Bangwe saa tatu usiku wakati huo ataona taa zimetanda juu ya maji kutoka kusini hata kaskazini, asiweze kuzihesabu. Mimi nimeona fukwe nyingi zilizopambwa kwa ajili ya wageni, lakini sijaona pambo lililonigusa moyo kama hilo, ambalo halikuwekwa kwa ajili ya mgeni yeyote.

Alfajiri kazi hupita mikononi mwa wanawake. Dagaa hununuliwa mwaloni kwa ndoo na beseni, huoshwa, kisha huanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Na aliyeanikwa juu ya kichanja huwa na bei nzuri zaidi kwa kuwa hana mchanga. Jua likiwa kali, siku moja hutosha. Wanawake huwageuza, huwachambua kama mtu achambuavyo mchele, huwatoa takataka na waliovunjika, hata dagaa wa Kigoma wakapata ile sifa yao iliyoenea katika masoko ya Dar es Salaam, Lubumbashi na kwingineko. Lakini mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo, mtaji wa mama mmoja unaweza kuoza mbele ya macho yake, na kilichobaki kikauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Msomaji alalamikaye bei ya dagaa sokoni na akumbuke jambo hilo.

Neema hii ina mpaka. Chini ya mita mia moja au mia mbili hivi maji ya ziwa hili hayana hewa wawezayo kuivuta samaki, na rutuba nyingi imelala huko chini. Kinachoipandisha juu ni upepo wa kusi, uvumao kwa nguvu kuanzia Mei hata Septemba, ukayasukuma maji ya juu na kuyaacha ya chini yapande. Hali ya hewa ya dunia inapozidi joto, maji ya juu huwa mepesi zaidi na mchanganyiko huo hupungua. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walikisia kuwa uzalishaji wa ziwa umekwisha kupungua kwa sehemu kama ya tano. Ongeza juu ya hilo wingi wa wavuvi na nyavu za matundu madogo mno, utaelewa kwa nini serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti 2024. Miezi hiyo ilikuwa mizito kwa watu wa mialoni, na sithubutu kusema kuwa ilikuwa rahisi. Lakini naiona kuwa hatua ya haki, mradi nchi zote nne zishike mwendo mmoja, kwa sababu dagaa hawajui mpaka wa dola.

Ujiji, mwendo wa kilomita kama nane kutoka Kigoma, ni mji wenye umri mkubwa na kumbukumbu nzito. Mzungu wa kwanza hakuugundua: Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 waliongozwa na Waswahili waliokuwa wakiijua njia yake tangu hapo, na wakakuta soko lenye chumvi, mawese, samaki, pembe za ndovu na, kwa huzuni, wanadamu. Watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi, wakakusanywa Ujiji, kisha wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora hata Bagamoyo. Katika miaka ya 1870 mkuu wa jamii ya watu wa Pwani hapo alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mwenye majahazi yake ziwani. Miembe mikubwa iliyosimama katika njia ya zamani ni kumbukumbu ya misafara hiyo, na mtu apitaye chini ya kivuli chake ni vema ajue ni kina nani waliopita hapo shingo zao zikiwa katika minyororo.

Wageni wengi huja Ujiji kwa ajili ya jambo moja, yaani kuonana kwa David Livingstone na Henry Stanley mnamo Novemba 1871, na hapo mahali pana jiwe la kumbukumbu na nyumba ya makumbusho. Sina neno na makumbusho hayo. Ila napenda mwenyeji anayewaongoza wageni awataje pia Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyemkimbilia Stanley siku ile kumlaki. Na Livingstone alipofariki katika nchi ya Zambia ya leo mwaka 1873, wawili hao pamoja na wenzao waliukausha mwili wake na kuuchukua kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874, kazi ya uaminifu ambayo mfano wake ni nadra. Jambo jingine humshangaza mgeni: jiwe hilo lipo mbali na maji, ingawa wakati ule palikuwa karibu na pwani. Sababu ni kwamba mwaka 1878 hivi kizuizi cha tope na majani katika Mto Lukuga, ambao ndio mlango wa ziwa kuelekea Congo, kilizibuka, na maji yakashuka mita nyingi katika miaka iliyofuata. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakameza fukwe na kusumbua magati. Ziwa hili halijaahidi kukaa mahali pamoja.

Kigoma, kinyume cha Ujiji, ni mtoto wa reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kati hapo mwanzoni mwa 1914, kilomita 1,250 na zaidi kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo watu huuita mji huo Mwisho wa Reli. Kwa reli hiyo ililetwa meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipokaribia, mafundi wa Kijerumani waliipaka mitambo yake grisi wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi; Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imebeba mahindi, nanasi, maharusi na maiti baina ya Kigoma na Mpulungu. Na Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko waliporundikana kwa maelfu katika ufukwe mwembamba wa Kagunga, huku kipindupindu kikiwaua, meli hiyo ndiyo iliyowavusha kuja Kigoma. Mji uliowapokea watu wengi namna hiyo, kutoka Burundi na kutoka Congo, mara kwa mara na kwa miaka mingi, unastahili heshima yetu.

Juu ya Gombe sitasema mengi, kwa kuwa habari zake zimeenea duniani tangu Jane Goodall alipofika hapo Julai 1960 kuwasoma sokwe. Inatosha kujua kuwa boti za kwenda huko huanzia Kibirizi, na kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe upande wa kusini, ni pakubwa zaidi na pa faragha zaidi, na watafiti wa Kijapani wamefanya kazi huko tangu 1965.

Kwa chakula, omba ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, mafuta mekundu ya michikichi ambayo ndiyo fahari ya mkoa huu, au kuhe wa kuchoma ukimpata. Kabla ya kuoga ziwani waulize wenyeji mahali palipo salama, maana pengine pana mamba, na penye majani mengi pana konokono waletao kichocho; fukwe za mawe na mchanga safi ni bora. Usimpige picha mtu aliye kazini mwaloni bila idhini yake. Panga safari yako iangukie siku za giza, la sivyo utaona nusu tu ya mji. Na ukitaka kurudi na dagaa nyumbani, nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, ununue kwa mwanamke aliyewaanika mwenyewe, na bei anayotaja usimpunje.