Magunzi na Risasi Katika Mto Ngong

Mto Ngong, kabla ya kupita kando ya mtaa wa Tassia, hukatiza Eneo la Viwanda la Nairobi na vijiji vya Mukuru, na katika mwendo huo hupokea taka za tabia mbili: uchafu wa majumba, ambao vijidudu huula na kuumaliza taratibu, na metali kama risasi, kromi na zinki, ambazo haziozi abadan. Mwenye kuchemsha maji yenye risasi huua vijidudu, lakini risasi yote hubaki, tena katika maji yaliyopungua, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa maikrogramu 10 tu kwa lita.

Dawa mojawapo imelala jalalani. Magunzi yaachwayo na wachoma mahindi, maganda ya ndizi na makapi ya mpunga wa Mwea yameumbwa kwa nyuzi zenye vikundi vya atomi vielekeavyo chaji hasi, nayo ioni ya risasi, yenye chaji chanya mbili, ipitapo karibu hunaswa, aghalabu kwa kuiondoa ioni ya kalisi iliyokuwa pale, mithili ya mpangaji amtoaye mwenziwe chumbani kwa kulipa kodi kubwa zaidi. Lakini maji yakiwa na asidi nyingi, hidrojeni hutangulia kuvijaza vyumba vyote. Gunzi bichi nalo huvujisha rangi na kuoza. Ndiyo sababu husafishwa na kusagwa, au huchomwa pasipo hewa likawa mkaa wenye vinyweleo visivyohesabika, kama vifuu vya nazi vilivyotiwa katika vinyago vya kukinga gesi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ufundi huu una jamaa yake nchini: Nakuru, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ilieneza vichujio vya mkaa wa mifupa dhidi ya floridi katika maji ya kunywa.

Hata hivyo, wasifuo urahisi wa magunzi aghalabu hunyamazia gunzi lililokwisha kushiba. Likitiwa jikoni, risasi hurudi kwa moshi na jivu. Likifanywa mbolea ya sukuma wiki kandoni mwa mto, hurudi sufuriani. Asidi hafifu huweza kulisafisha litumike tena, illa asidi hiyo nayo yahitaji mwangalizi. Kwa hiyo sioni busara kumtwika mpangaji wa Tassia kazi hii. Mahali pake ni mdomo wa bomba la kiwanda, ambapo chokaa huzamisha metali nyingi kwanza, na magunzi yakanasa masalio. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya zamlazimu mwenye kiwanda kupata leseni ya kutoa majitaka, na katika leseni hiyo ingefaa iandikwe pia magunzi yaliyoshiba yatapelekwa wapi, na kwa gharama ya nani.